Kila Mtu Alisema Ni Msuli

Mume wangu ni mzimamoto. Ni mrefu kuliko wenzake wote, na kituoni wanamwita Ngazi kwa sababu ndiye anayetangulia kupanda ngazi ikishasimamishwa. Nyumbani yeye ni Baba Mapacha na mimi Mama Mapacha, na hivyo ndivyo tunavyoitana hata tukiwa wawili tu. Mimi nafundisha hisabati sekondari. Nayasema haya mapema ili mtu asije akadhani nimezaliwa mgomvi. Darasani sipandishi sauti. Lakini yaliyompata mume wangu yameniachia hasira ninayoamka nayo, ninayopiga nayo mswaki na kwenda nayo kazini.

Yalianza mazoezini. Kituoni kwao kuna mnara wa zege wa kufanyia mazoezi, na kuna sanamu kubwa la turubai lililojazwa mchanga, zito kama mtu mzima aliyezimia. Wamelipa jina, wanaliita Shemeji. Kazi ni kumbeba Shemeji begani kutoka juu ya mnara mpaka chini bila kumgonga kichwa. Siku hiyo Baba Mapacha aliteleza kwenye ngazi, akajizuia kwa mguu wa kushoto, akasikia kitu kimemvuta kwenye kinena. Alimshusha Shemeji salama. Yeye mwenyewe ndiye aliyefika chini ameuma meno.

Mkufunzi wa mazoezi, ambaye wote wanamwita Nyundo, alimtazama akichechemea akamwambia amevuta msuli. Hakusema kwa ubaya. Muda si mrefu kabla ya hapo dereva wa gari lao alikuwa amevuta msuli wa kinena akicheza mpira, na Nyundo ndiye aliyemuuguza kwa barafu, mapumziko na mazoezi ya polepole mpaka akapona kabisa. Tangu hapo ikawa kinena chochote kinachouma kituoni kimeshapatiwa jibu.

Sasa mimi dereva yule nilimwona alipokuwa mgonjwa, maana alikuja kwetu kuangalia mpira kwenye televisheni. Aliweza kunyoosha kidole kimoja akakuonyesha panapouma, ndani ya paja kwa juu, na ngozi ya hapo ilivilia damu. Akibana magoti anakunja uso. Akikaa ametulia, hana habari. Na kila nilipomuuliza hali alisema leo afadhali kuliko jana.

Baba Mapacha hakuwa hivyo hata kidogo. Nilipomuuliza panauma wapi, alipitisha kiganja kizima juu ya mkunjo wa paja, kisha mkono ukaanza kushuka, halafu akauondoa kwa haya kana kwamba ameshika pasi ya moto. Alisema haichomi, inavuta, kama mtu yuko ndani anavuta kamba bila haraka. Siku nyingine inashuka mpaka kwenye korodani. Asubuhi anaamka mzima. Jioni, akishasimama zamu nzima, anarudi anatembea kama aliyebeba ndoo iliyojaa. Akikohoa anapashika. Akicheka anapashika vilevile, na baada ya muda nikaona nyumbani ameacha kucheka.

Mama mkwe alisema ni mtoki, akatuletea dawa ya kuchua iliyonuka nyumba nzima mpaka mapacha wakahamishia godoro lao sebuleni. Jirani akasema ni mshipa. Nyundo alizidi kusema ni msuli, avumilie, anyooshe mguu kila asubuhi. Akawa ananyoosha, na maumivu nayo yakawa yanaongezeka. Nikamwambia tuache kuagua, twende kwa daktari.

Kikosi kina daktari wake, ana chumba nyuma ya gereji ya magari. Tulikwenda pamoja. Alikuwa mtu mpole wa kuongea, ana kalamu nzuri na kiti cha kuzunguka. Aliponiona akasema, mama, samahani, subiri nje, haya ni mambo ya wanaume. Nikasubiri nje. Hata kiti sijakipasha joto, Baba Mapacha ametoka, mkononi ana tyubu ya dawa ya kupaka na vidonge vya maumivu.

"Amesema nini?" nikamuuliza.

"Msuli."

"Amekuangalia?"

"Ameniuliza maswali."

"Sikuuliza kama amekuuliza. Nimeuliza kama amekuangalia."

Akaanza kuelekea getini. Nikamfuata, na kabla hatujavuka barabara nikawa nimeshaelewa kwamba mume wangu aliingia kwa daktari na suruali imefungwa mkanda na akatoka nayo imefungwa mkanda. Daktari hakuinuka kwenye kiti. Alisikia maneno mawili, mazoezi na kinena, akaandika jibu. Wanafunzi wangu wanaofanya hivyo, wanaojibu swali kabla hawajamaliza kulisoma, nawarudishia karatasi.

Alirudi tena kwa daktari baada ya wiki kadhaa, safari hii peke yake, kwa sababu alijua nikienda nitaongea. Daktari akamwambia misuli ya sehemu ile inachelewa kupona, akampa tyubu nyingine, akamwidhinisha aendelee na kazi.

Huko kituoni wenzake walikuwa wamepata burudani. Walimwekea mto kwenye kiti chake garini. Mmoja akamuuliza mbele ya watu kama busha lake litahitaji kofia yake lenyewe. Nyundo, ambaye utani wote wa pale unaanzia kwake, alitunga wimbo mfupi wa kukimbilia asubuhi ambao siwezi kuurudia. Baba Mapacha alicheka nao. Ungemwona ungesema hana wasiwasi. Mimi aliniambia jambo hili miezi baadaye, akiwa amelala kitandani na mirija, ndipo nikajua kwa nini aliacha kabisa kulalamika. Mtu akishageuzwa wimbo hatarudi kusema bado inauma.

Kilichofichua mambo ni kikohozi. Alikuwa bafuni anaoga, mafua yamembana, akakohoa, kisha nikasikia pumzi za mtu anayejikaza. Nikagonga. Akasema subiri. Nikaufungua mlango, wala hatuna kufuli. Alikuwa ameegemea ukuta, mkono umebonyeza kwenye kinena, anarudisha kitu ndani.

Nilimwambia anionyeshe. Akajifunga taulo, akaanza kuniambia habari za msuli. Basi hapo ndipo nilipokasirika kwa mara ya kwanza, na kusema kweli nilimkasirikia yeye. Nilimwambia mimi nimezaa mapacha mbele ya chumba kizima cha watu nisiowajua, wengine wanafunzi, mmoja amekuja tu kufuata mkasi, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama naona haya. Yeye anamwonea haya mke wake.

Akaondoa taulo. Akakohoa nilipomwambia akohoe. Juu ya mkunjo wa paja pakatokeza uvimbe kama yai, laini, chini ya ngozi. Akabonyeza, ukaingia ndani. Alikuwa anafanya hivyo kwa muda mrefu, bafuni, chooni kituoni, hata nyuma ya gari. Kwa kuwa unarudi ndani, alijiambia si kitu.

Sikusomea udaktari. Lakini msuli hauchungulii nje halafu ukarudi. Nikasema kesho asubuhi tunakwenda hospitali kubwa. Akaniomba nimpe muda kidogo, kuna ukaguzi unakuja, mkuu wa kikosi chote atafika, na yeye ndiye wa kupanda ngazi mbele ya wageni. Tukabishana mpaka mapacha wakazima televisheni ili wasikie vizuri. Mwisho alikubali, ila tukakubaliana tukawaone hospitali mara tu zamu yake ya wiki hiyo itakapokwisha.

Zamu haikufika mwisho. Mchana wa siku iliyofuata ghala la magodoro liliwaka moto upande wa viwandani. Moshi wake niliuona dirishani nikiwa nafundisha milinganyo, mweusi, unapanda umenyooka. Yeye alikuwa juu ya ngazi, amekumbatia mpira wa maji. Anayejua mpira ule ukijaa maji unavyomsukuma mtu ataelewa tumbo linavyokazwa kuushikilia. Moto walikuwa wameshaushinda aliposhuka, akakaa kwenye bampa la gari, na hakuweza kuinuka. Uvimbe ulikuwa umetoka na haukubali kurudi. Akajaribu kuusukuma, ukawa mgumu kama jiwe. Akaanza kutapika.

Na wenzake walifanya nini? Walimlaza chini kwenye lami. Nyundo akaukamata mguu wake wa kushoto na kuuvuta, kwa sababu msuli ukikaza dawa yake ni kuunyoosha. Mume wangu alikuwa anatapika pembeni huku mtu anamnyoosha mguu. Hapo ndipo hasira inaponizidi kila nikisimulia, na Nyundo mwenyewe ananijua hivyo.

Aliyenipigia simu ni dereva. Alisema wanataka kumpeleka kwa daktari wa kikosi. Nilitoka darasani chaki mkononi. Nikamwambia, "Shemeji yangu, nisikilize. Ukimpeleka kwa yule mtu, mimi na wewe hatujuani tena. Mpeleke hospitali kubwa, sasa hivi, nakuja." Dereva hakubishana. Akamweka kwenye gari dogo la kituo na kuondoka, Nyundo amebaki anauliza nani ametoa amri.

Nilifika wakati wanamwingiza. Aliyempokea alikuwa daktari mpasuaji, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na viatu vya plastiki. Akamwambia avue. Baba Mapacha, katika hali ile, midomo imekauka, bado alishika mkanda wake akanitazama mimi.

"Bwana," daktari akasema, "mimi kazi yangu ni hizi kila siku. Zako hazitanishangaza. Vua."

Akavua. Akatazamwa. Ndiyo mara ya kwanza tangu aumie ambapo mtu mwenye shahada ya udaktari aliinama na kuangalia panapouma. Haikuchukua muda. Daktari alipagusa kwa vidole viwili, akaangalia ngozi ilivyogeuka nyekundu, akasikiliza tumbo, akauliza mara ya mwisho amepata haja lini. Kisha akatuambia kwamba huu si msuli, ni ngiri. Ukuta wa tumbo umeachia nafasi, utumbo umepita hapo, na sasa umenaswa na haupati damu. Akasema tungekuja wakati bado unaingia na kutoka, ingekuwa upasuaji mdogo wa kupangiwa siku, mtu anarudi nyumbani amejishika tumbo tu. Leo si hivyo. Akaomba chumba cha upasuaji kiandaliwe, na akaniambia nimpe mkono mume wangu kabla hawajaondoka.

Walimkata kipande cha utumbo. Kilikuwa kimeshakuwa cheusi, daktari aliniambia baadaye, na akaongeza kwamba tungechelewa zaidi yeye angekuwa anazungumza nami kwa sauti nyingine, ya kunipa pole ya msiba.

Siku zile za wodini nilimuuliza yule mpasuaji maswali mpaka nadhani alianza kunikwepa. Nilitaka kujua mtu wa kawaida atatofautishaje. Alinieleza akiwa anakunywa chai amesimama, hana muda wa kukaa. Msuli, alisema, unauma ukiutumia na unatulia ukiupumzisha, na kila siku unapungua. Lakini ukiona uvimbe, si msuli mpaka daktari auguse. Ukiona homa, au kuungua wakati wa kukojoa, au damu kwenye mkojo, tafuta kwingine. Korodani moja ikianza kuuma ghafla kwa nguvu, hasa kwa kijana, hakuna kungoja wala kuchua, ni kukimbia hospitali, kwa sababu inaweza kuwa imejisokota na ikicheleweshwa inakufa. Na korodani ikiwa na kitu kigumu ndani yake, hata kama hakiumi, hicho ndicho cha kuogopa zaidi. "Tatizo," akasema, "wanakuja kwangu wameshapakwa kila dawa ya duniani."

Mkuu wa kituo alikuja kumjulia hali na mfuko wa machungwa. Alikaa, akamsifu kwa kazi ya ghala, kisha akasema daktari wa kikosi anatoa pole sana, na kwamba mambo kama haya hutokea.

Hutokea. Mvua hutokea. Nilimsindikiza mpaka mlangoni kwa adabu zote, na Jumatatu nikaenda kituoni.

Nilimkuta daktari kwenye kiti chake cha kuzunguka na mkuu wa kituo amesimama karibu naye, nadhani walipata habari kwamba ninakuja. Mlango ulikuwa wazi, na nje wazimamoto walikuwa wanaosha magari, polepole kupita kiasi. Daktari alianza yeye. Alisema anasikitika, lakini mgonjwa hakumwambia kwamba kuna uvimbe.

"Hukumwambia avue," nikasema.

Akasema wanaume wa pale hawapendi kuangaliwa, ukiwaambia wavue hawarudi tena.

"Hata moto hawaupendi," nikamwambia, "na bado mnawatuma. Mume wangu alikuja kwako mara mbili. Humu ndani una kiti na meza. Kitanda cha kumlaza mgonjwa kiko wapi? Pazia liko wapi? Mimi uliniambia nitoke nje kwa sababu ni mambo ya wanaume, nikadhani mnakwenda kuyaangalia."

Mkuu akaniomba nipunguze sauti. Sikuwa nimeipandisha. Ila maji huko nje yalikuwa yamefungwa, hakuna tena hata aliyejifanya anaosha gari. Nikageuka nikawaambia na wao. Niliwaambia kwamba Ngazi alinyamaza kwa sababu ya wimbo wao, na kwamba kipande cha utumbo wake kimetupwa kwenye ndoo ya hospitali, basi waimbe na hilo. Nyundo alikuwa anatazama buti zake.

Msidhani nilirudi nyumbani nikapongezwa. Baba Mapacha aliposikia nimesimama kituoni nikizungumzia kinena chake mbele ya kikosi, aligeukia ukutani. Tulikaa hivyo muda mrefu, namfunga bandeji hatusemezani, namshika mkono kwenda chooni hatusemezani. Mama mkwe naye akanieleza kwa upole kwamba mke husitiri. Nilimjibu kwa upole uleule kwamba tulisitiri mpaka ikabaki kidogo tumzike, na akaacha.

Kisha Jumapili moja mchana Nyundo akaja. Nilidhani kaja kuomba radhi, na nilikuwa nimeshajiandaa kutompokelea. Alikaa ukingoni mwa kochi, akanywa chai yote, halafu akaniuliza kama anaweza kuongea na Ngazi peke yake. Nikawaacha. Nilikuwa jikoni naosha vyombo visivyo vichafu, na kupitia ukutani sikusikia kicheko hata kimoja. Walipotoka, mume wangu alikuwa amevaa viatu. Alikuwa hajatoka nje ya nyumba tangu aruhusiwe. Akaniambia, na ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza ya maana kwangu tangu siku ile, "Naomba namba ya yule daktari wako."

Nyundo alikuwa na kitu kigumu kwenye korodani, kama punje ya mahindi, kisha kama gololi, kisha zaidi. Hakiumi, kinakuwa kizito tu, na nyakati nyingine kinavuta kinenani. Alikuwa nacho tangu kabla ya siku ya Shemeji. Wakati anatunga wimbo ule, alikuwa nacho. Alijiambia ni msuli. Mkufunzi wa mazoezi angejiambia nini kingine?

Baba Mapacha alimpeleka mwenyewe, anatembea ameinama kidogo, ameshika kidonda chake. Aliingia naye ndani mpaka kwenye pazia, na akakaa upande wa pili wa pazia akimsemesha habari za mpira muda wote anaoangaliwa. Walimtoa korodani ile. Ilikuwa saratani, lakini haijasambaa mbali, na mpasuaji alisema ya aina hiyo inatibika vizuri ikiwahiwa. Nyundo alipata dawa zake, akanyonyoka nywele, na zimeota tena, sasa zina mvi.

Daktari wa kikosi bado yupo. Ndiyo, yupo palepale nyuma ya gereji, hakuna aliyemuuliza zaidi ya mimi. Kilichobadilika ni kwamba kuna kitanda na pazia, ambavyo wazimamoto walivibeba wenyewe kutoka stoo na kuvifunga bila kuomba ruhusa, na kila anayeingia kwa tatizo la pale chini mwenzake huingia naye na kusimama mlangoni mpaka daktari ainuke kwenye kiti. Baba Mapacha hapandi ngazi kwa sasa. Anapokea simu za moto ofisini, na kazi hiyo haipendi hata kidogo.

Wiki iliyopita alikwenda na Nyundo kwenye kipimo chake cha kurudia. Walipokuwa wanarudi, Nyundo akamuuliza kama Mama Mapacha bado ana hasira. Mume wangu akamjibu kwamba ndiyo, bado anayo, haijapungua.

"Mwambie asipoe haraka," Nyundo akasema, wakaendelea kutembea.